Croisette Mezani

Jumatatu, 18 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo, na mimi nimepewa kozi. Miaka yote hii nimekuwa msaidizi wa Profesa Clément. Nimembebea chaki, nimemsahihishia karatasi, nimemsikiliza akiwasomea wanafunzi wa fizikia syllabus yake ileile, yale maelezo yake yaliyopigwa chapa, mstari kwa mstari, mpaka nukta na mikato anaitamka. Leo mkuu wa kitivo aliniita ofisini akaniambia nadharia ya makundi ni yangu mwaka huu, ila kwa kujaribu tu. Nusu ya wanafunzi wasipopita mwezi wa pili, au kasoro yoyote ikionekana katika mtihani wangu, kozi inarudi kwa Profesa na mimi narudi kwenye chaki.

"Madame Brigitte, ile mambo yako ya ordinateur, ujaribu," alisema. "Lakini batoto bakianguka, usiniletee machozi hapa."

Nikamshukuru kwa adabu zote. Nikamweleza kwamba kuna programu ya aljebra isiyouzwa, kwamba nimekwisha kuiweka katika kompyuta za chumba cha maabara, kwamba mashine itafanya hesabu za kuchosha na wanafunzi watabaki na kazi ya kufikiri. Profesa Clément alikuwa amekaa karibu na dirisha. Alicheka kwa pua. Mtu ambaye hajabadilisha hata mfano mmoja tangu nikiwa mwanafunzi wake, naye anacheka.

Alhamisi, 21 Novemba

Somo la kwanza. Nimewaeleza kwa maneno ambayo hata mtoto wa shule ya msingi angeyashika. Chukua kitu, kigeuze, kirudishe mahali pake. Mwenzako aliyefumba macho akifungua asijue kama umekigusa, basi huo ni ulinganifu mmoja wa kitu hicho. Zikusanye njia zote za namna hiyo, umepata kundi. Mwanafizikia akijua kundi la molekuli au la fuwele, anajua mengi kabla hajapima chochote.

Kisha akasimama Israël, chef de promotion, yaani kiongozi wa darasa, kijana wa tai na viatu vilivyochongoka, mdomo wake hufika darasani kabla yake.

"Madame, tunalomba syllabus."

Nikamwambia syllabus haipo, tutafanya kazi kwa mashine na kwa kichwa.

"Ndiyo, Madame. Lakini promotion yote inauliza paka syllabus, syllabus tu."

Nimewapigia mbuzi gitaa.

Jumatatu, 25 Novemba

Mvua juu ya mabati saa zote za somo. Sikusikika hata mimi mwenyewe. Nimeandika ubaoni, wao wamenakili, hata neno nililolifuta wamelinakili.

Alhamisi, 28 Novemba

Hakuna umeme. Israël ameuliza syllabus.

Jumatatu, 9 Desemba

Umeme umerudi. Nilikuwa nimechoka na molekuli za vitabuni ambazo hakuna aliyewahi kuziona, nikataka kuwapa kitu cha nyumbani. Nikachora croisette ubaoni, ule msalaba wa shaba ambao babu zetu waliuyeyusha na kuutumia kama fedha, na ambao leo umechorwa kwenye vitambaa, mabango na mageti ya nusu ya mji huu. Nikauchora vizuri kwa rula, mikono minne iliyo sawa.

Nikauliza: ni njia ngapi za kuugeuza ukarudi mahali pake? Hakuna mkono hata mmoja ulioinuliwa. Walinitazama kama ng'ombe wanaotazama treni ikipita. Basi nikaiandikia programu kundi la mraba, kwa kuwa msalaba wa mikono sawa hugeuka kama mraba: robo mzunguko mara nne, vioo vinne, yaani mistari ambayo pande zake mbili huakisiana. Mashine ikajibu nane. Wote wakainamisha vichwa wakaandika nane. Hakuna aliyeuliza kwa nini nane. Ningewaambia kumi na saba wangeandika kumi na saba na kupiga mstari chini yake kwa kalamu nyekundu.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimewapa interro, jaribio fupi, kwenye karatasi, bila mashine. Nilitaka kuona wamebakiwa na nini.

Wamebakiwa na kila kitu isipokuwa akili. Waliulizwa walieleze kundi la pembetatu, nao wamenakili kwa kichwa kile ambacho programu huonyesha kwenye kioo cha kompyuta. Wameandika hata ile alama ya mshale ambayo mashine huitoa kukungojea uandike. Kwenye karatasi! Na kalamu ya bic! Watatu wameandika pia ujumbe wa kosa ambao mashine ilinitolea siku niliposahau kufunga mabano. Wamelikariri kosa langu kwa uaminifu, herufi kwa herufi, na kulipachika namba ya swali.

Mmoja hakunakili chochote. Anaitwa Plamedie, hukaa nyuma kabisa penye dirisha lenye kioo kilichovunjika, daima amechelewa, daima ana kitu mkononi anachokigeuzageuza: kizibo cha chupa, kipande cha chaki, kitana. Katika maabara wenzake wanapogombania kompyuta, yeye haigusi. Amenikabidhi pembetatu tatu zilizochorwa kwa penseli na maneno machache yaliyofifia. Sikuwa na subira ya kuyasoma yote. Nimempa sita juu ya ishirini. Wanaokariri angalau wanafanya kazi ya kasuku. Huyu hata kasuku si yeye.

Jumapili, 22 Desemba

Mama amenunua bowa kwa wanawake wanaouza kandokando ya barabara ya Kinsevere. Uyoga mwaka huu ni mkubwa na mtamu, tumekula na ugali wetu wa bukari. Mezani nilimsimulia kuhusu wanafunzi wangu na ile mishale yao kwenye karatasi. Nilidhani atacheka.

"Batoto ya bantu, unabatukana tangu mvua inaanza," alisema. "Sasa weye, kuko muntu moya unapenda mu ile kazi?"

Nikamwambia sikuajiriwa kupenda.

Jumatatu, 13 Januari

Masomo yalianza tena wiki iliyopita. Israël amechelewa wiki nzima kwa sababu alikuwa Lukafu kuwasaidia wajomba zake kupalilia mahindi. Ana tope hadi kwenye tai. Swali lake la kwanza baada ya heri ya mwaka mpya lilikuwa syllabus.

Alhamisi, 16 Januari

Mvua.

Alhamisi, 23 Januari

Leo nitaandika jambo lisilo la kawaida yangu: somo lilikwenda vizuri. Waliingia, wakawasha mashine, wakaandika wenyewe. Israël alitafuta makundi madogo yaliyomo ndani ya kundi la mchemraba bila kuniuliza kitu, kisha akamsaidia jirani yake. Vidole vinakwenda haraka. Nimeanza kuhesabu kichwani nani atapita, na kwa mara ya kwanza nusu yao naiona. Nilirudi nyumbani nikiimba, mimi nisiyeimba hata kanisani.

Alhamisi, 30 Januari

Profesa Clément aliingia darasani bila hodi, akakaa mstari wa mbele na mwavuli wake ukimwaga maji sakafuni. Akatazama saa nzima. Wanafunzi walipotoka akanifuata.

"Brigitte, mwanangu, iko muzuri. Lakini ile mashine yako njo syllabus yao mupya. Mie nasema, banaandika. Mashine inasema, banaandika. Tofauti yako iko wapi?"

Nilimjibu kwamba tofauti ni kuwa mashine haisinzii katikati ya sentensi. Nilitamani kumwambia zaidi ya hapo. Mtu huyu akichukua kozi yangu, watamaliza masomo yao wakijua tarehe za kuzaliwa za wanahisabati na si kingine, na mimi nitazeeka nikipanguza ubao wake. Sitakubali.

Jumatatu, 10 Februari

Mtihani ni wiki ijayo. Nimepata wazo na ninajipongeza. Nitaweka croisette ya kweli mezani mbele yao, na swali kubwa, lenye alama kumi na mbili juu ya ishirini, litauliza kundi lake. Tumeifanya Desemba, hivyo hata wavivu watapita, lakini watapita wakiwa mbele ya kitu na si mbele ya kioo cha kompyuta. Profesa Clément aje aone tofauti iko wapi.

Croisette nimeiazima kwa mama. Iko juu ya kabati sebuleni, inalalia kalenda za parokia zisipeperuke. Babu aliitoa Mitwaba alipokuja kufanya kazi kwenye reli. Tangu nikiwa mdogo kuipangusa vumbi kila Jumamosi ilikuwa kazi yangu.

"Uirudishe," mama alisema. "Ile iko ya baba yangu, haiko ya université."

Jumatatu, 17 Februari

Mtihani. Mvua ilikuwa nyepesi, ya kuvumilika. Niliiweka croisette juu ya meza, nikasema kwa sauti: anayetaka anaweza kuja kuitazama, kuishika, kuigeuza. Hakuna aliyenyanyuka. Vichwa chini, kalamu zinakwenda. Nilijua wanaandika nane, na kwa mara ya kwanza kasuku wangu walinifurahisha.

Plamedie peke yake ndiye aliyekuja. Na rula, na penseli, na karatasi ya pembeni. Aliipindua croisette akatazama tumbo lake, akapitisha kidole kwenye tuta la upande wa juu, akailaza kwenye karatasi akaizungushia penseli, akaigeuza, akaizungushia tena. Alichukua muda wote huo akiwa amenisimamia mbele ya pua, kama mtu anayechagua nyanya.

"Mademoiselle, hapa si sokoni," nikamwambia.

Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

"Pardon, Madame. Ninapima."

Akarudi nyuma kwenye kioo chake kilichovunjika. Swali ambalo wenzake walilimaliza kwa mstari mmoja lilimlia saa nzima. Huyo basi ameanguka, nikasema moyoni, na hata kumhurumia sikumhurumia.

Jumatano, 19 Februari

Asubuhi nilisahihisha kwa raha ambayo sikuwahi kuipata katika kazi hii. Nane, nane, nane. Israël nane, pamoja na orodha yote ya mizunguko na vioo, mwandiko safi. Kufika mchana zaidi ya nusu walikuwa wamekwisha kupita na bado rundo lilikuwa limebaki. Kozi ni yangu, nikasema kwa sauti, peke yangu ofisini.

Kisha karatasi ya Plamedie. Nne. Nikaandika sifuri nyekundu, kubwa, ya mtu mwenye furaha. Nilikuwa nimekwisha kugeuza ukurasa nilipoona kile kikaratasi chake cha pembeni, amekibana kwa pini. Michoro miwili ya penseli, mmoja juu ya mwingine, wa pili umegeuzwa robo. Haikulingana. Na chini yake, kwa maneno yake yaliyofifia: mikono haiachani sawa, upande huu imefunguka zaidi kuliko upande ule, robo mzunguko hairudi mahali pake, tuta liko upande mmoja tu, kwa hiyo kuipindua hakuruhusiwi, zinabaki nne.

Nikafikiri mkono wake ulitetemeka. Nikaitoa croisette mkobani, nikailaza kwenye karatasi yangu, nikaizungushia penseli. Nikaigeuza robo. Mikono ikatoka nje ya mstari, si kidogo, kwa upana wa kidole kizima. Nikairudisha, nikajaribu tena, nikabonyeza kwa nguvu kana kwamba shaba ingenionea aibu ikajinyoosha. Nusu mzunguko inakubali. Vioo viwili vinakubali. Pamoja na kuiacha ilivyo, ni nne. Si msalaba kama wa kanisani. Ni kama mtu aliyelala chali akatanua mikono na miguu.

Nimeipangusa kila Jumamosi ya utoto wangu. Naujua uzito wake, ubaridi wake, mahali ilipobanduka. Sikuwahi kuitazama. Desemba nilichora ile ya kwenye mageti, nikaiuliza mashine habari za mraba, mashine ikanijibu habari za mraba, nami nikaandika nane chini ya jina la croisette na kupiga mstari. Kisha nikawacheka watoto waliokariri kosa la mabano. Nyani haoni kundule. Nimewadharau tangu Novemba kwa ugonjwa ambao mimi ndiye niliyekuwa nao zaidi, na ni mimi niliyewaambukiza. Nina hasira, na leo sina wa kumtupia.

Alhamisi, 20 Februari

Sikuweza kubaki nalo peke yangu. Nilimwendea Profesa Clément, na kwenda kwake kulikuwa kuchungu kuliko klorokini. Nikamwonyesha croisette, nikamwonyesha penseli. Aliitazama kwa muda mrefu, miwani juu ya paji la uso.

"Kumbe," alisema. "Na mie sikuijua."

Kisha akairudisha mezani, akanishauri kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi.

"Uache. Bale ba munane, upatie points. Ule mutoto wa ine, naye upatie. Bote bapite, unabaki na cours yako. Nani atasema?"

Nimeliwaza siku nzima. Ni rahisi, na wengi wamefanya kubwa zaidi ya hilo katika jengo hili. Nikiwaangusha wenye nane, ninawaadhibu kwa kuniamini. Nikiwapa alama wao na Plamedie pamoja, ninasema kwamba kile kipande cha shaba kiko sawa na hakiko sawa, inategemea nani anataka kozi. Miezi yote hii nimewahubiria waangalie kitu chenyewe. Kama hilo nalo lilikuwa maneno ya kujazia ubao, basi Profesa Clément na syllabus yake ni mtu mwaminifu kuliko mimi.

Jumapili, 23 Februari

Sikwenda misa. Mama ameuliza croisette iko wapi.

Jumatatu, 24 Februari

Nimekwenda kwa mkuu wa kitivo nikamwambia mtihani wangu una kasoro, jibu nililofundisha si sahihi, na karatasi haziwezi kusahihishwa kwa haki. Aliniuliza kama najua ninachokisema. Nikamwambia najua. Akaniuliza ni wangapi waliolalamika.

"Hakuna aliyelalamika."

"Basi kasoro iko wapi, Madame?"

Nikaitoa croisette nikaiweka juu ya meza yake, katikati ya mihuri. Hakuigusa. Akaniambia mtihani unafutwa, watarudia kwa Profesa Clément, na kozi inarudi kwa mwenyewe, kama tulivyopatana. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayefunga dirisha mvua isiingie.

Alhamisi, 27 Februari

Niliwaambia wanafunzi mwenyewe. Niliona ni aibu kuwaachia tangazo ukutani. Nikawaonyesha croisette, nikaigeuza mbele yao, nikasema nilikosea.

Israël akasimama. Mara hii bila madaha.

"Madame, nane ni weye ulitufundisha."

"Ndiyo. Ni mimi."

"Tulisoma muzuri. Tuliandika vile ulisema."

"Najua, Israël. Ndiyo maana hamtaanguka kwa sababu yangu. Mtarudia kwa Profesa."

Kisha mmoja wao akauliza kama kwa Profesa kutakuwa na syllabus. Nikasema itakuwepo. Wakapiga makofi. Si kwa ubaya, hilo ndilo lililoniuma. Walipiga makofi kama watu walioambiwa maji yamerudi bombani. Nimewadharau tena, kwa nguvu zote, kwa muda wa kutoka mlangoni hadi ngazini. Dharau hiyo haikufika mbali zaidi.

Plamedie hakupiga makofi. Hakunitazama pia.

Jumatatu, 3 Machi

Nimempelekea Profesa chaki.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua zimeanza kukatika, leo jua limetoka tangu asubuhi na tope la uani linapasuka. Plamedie alikuja ofisini. Nilikuwa nimemngojea siku hizi zote bila kukiri. Nilikuwa nimetayarisha maneno: kwamba kati ya wote ni yeye aliyefanya fizikia, kwamba nilikuwa kipofu, kwamba kama anataka kuendelea nitamwongoza katika mémoire yake, tasnifu ya kumaliza masomo. Nikamwambia aketi. Hakuketi.

"Madame, mie nilijibu muzuri?"

"Ulijibu vizuri kabisa. Wewe peke yako."

"Sasa juu ya nini narudilia?"

Nikamweleza kanuni, kwamba mtihani ukifutwa unafutwa kwa wote, kwamba sikuwa na njia ya kuiokoa karatasi moja. Nilisema kweli tupu na kila neno lilisikika kama udhuru. Yeye alikuwa ameshika syllabus ya Profesa, nakala mpya bado ina joto la mashine, ameiviringisha kama gazeti.

"Ile siku nilisimama pale mbele yako," alisema. "Croisette ilikuwa mu mikono yangu. Ungeangalia kaloko, kidogo tu, ungeona. Uliniambia haiko soko."

Akafungua syllabus kwenye ukurasa wa mwisho, akaniwekea mezani. Profesa Clément ameongeza mfano mmoja, wa kwanza kuongezwa tangu nimjue. Ni croisette. Ameichora kwa rula, mikono minne iliyo sawa, na chini yake ameandika kwamba ina ulinganifu nane.

"Nilimuuliza," Plamedie alisema. "Alisema ile ya ku nyumba ya bantu iko ine. Ile ya syllabus iko munane. Na examen inatoka mu syllabus."

Nikasema nitakwenda kuzungumza naye. Akatikisa kichwa, na akanitazama jinsi nilivyowatazama wao mvua zote hizi, yaani kama mtu ambaye hakuna haja ya kumweleza zaidi.

"Hapana, Madame. Usinisaidie tena. Kwetu banangojea nipite. Nitaandika munane."

Alisubiri, nadhani, nimkataze. Nilikuwa na sababu zote za kumkataza na sikuwa na haki hata moja. Nikaikunja syllabus yake, nikamrudishia, nikamwambia aandike hivyo.